Nyumba kwa Jina la Ami

Kwa miaka saba niliishi Dubai nyuma ya pazia. Lilikuwa pazia la kitambaa cha buluu, lenye maua yaliyofifia kwa kufuliwa, nililolinunua mwenyewe Deira na kulitundika kwenye waya kuzunguka kitanda changu cha juu. Chumba chetu kilikuwa na wanawake sita na mapazia sita. Ukilivuta, uko kwako. Ukilifungua, uko kwa watu. Nyuma ya pazia hilo nilibadilisha nguo, nilikula, nililia nilipotaka kulia, na kila Jumapili nilizungumza na mwanangu kwa simu huku nikinong'ona ili nisimwamshe aliyetoka zamu. Siku moja aliniuliza kama nimejificha. Nilimwambia mtandao ni mbaya.

Mwanangu, msichana, alikuwa na miaka minane. Nilimwacha Mombasa kwa mamangu alipokuwa na mwaka mmoja na meno manne, nikiwaambia wote kwamba naenda miaka miwili tu, nikirudi nitafungua duka la vitambaa. Miaka miwili ya aina hiyo kila aliyewahi kwenda Ghuba anaijua.

Babake tulikuwa tumeachana kabla sijaondoka. Si mtu mbaya, lakini ni mtu wa asubuhi hivi, jioni vile. Ilinichukua mwaka mzima wa kumbembeleza, mimi huku na mamangu kule, mpaka akatia saini mbele ya wakili barua ya kukubali mtoto aje kwangu. Barua iliponifikia niliipeleka siku hiyo hiyo kwenye ofisi ya kujaza fomu za viza. Karani mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni aliisoma, akaniambia itakubalika kwa miezi mitatu. Ikipita hapo, iandikwe upya. Kisha akanitajia vinavyohitajika. Cheti cha kuzaliwa, ninacho. Barua ya mshahara, ninayo. Mkataba wa nyumba uliosajiliwa serikalini kwa jina langu, sina.

"Kwa jina lako," alirudia. "Si la rafiki."

Hapo ndipo nilipokwama. Mkataba wa fleti yetu ya Deira ulikuwa kwa jina la mwanamume ambaye kwa miaka saba sikuwahi kumwona hata kivuli. Sisi tulimpa kodi mwanamke fulani, naye akampa mtu, na mtu huyo akampa mtu. Kwa hiyo nilikuwa na miezi mitatu ya kupata nyumba yangu. Kumwomba baba mtoto saini ya pili lilikuwa jambo ambalo sikutaka hata kuliwaza, kwa sababu nilijua jibu lake.

Nikaanza kuhangaika na madalali. Nafanya kazi ya mapokezi katika zahanati ya meno Silicon Oasis, na kila nikitoka kazini nilikuwa na miadi ya kuona nyumba. Dalali wa Dubai ana dakika tano zake ambazo si dakika tano za watu wengine. "Nafika, sister, dakika tano," nami nasimama kwenye jua la saa kumi mpaka viatu vinanata kwenye lami. Mmoja alinitumia picha ya bwawa la kuogelea. Nilipofika nikaliona bwawa lenyewe, ni la jengo la pili, na linaonekana ukipanda juu ya choo na kuchungulia dirishani. Mwingine alinionyesha vyumba viwili ambavyo vilikuwa chumba kimoja kilichokatwa kwa ubao, na ubao wenyewe haukufika darini.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonitoa roho lilikuwa swali lao la kwanza, kabla hata ya salamu: "Familia au bachela?" Mwanamke asiye na mume wala mtoto pembeni yake, kwa lugha ya madalali, ni bachela. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Nimeolewa, nimezaa, nimeachwa, na bado mimi ni bachela, sawa na kijana aliyeshuka ndege jana. Na majengo mazuri, yaliyo karibu na shule na bustani, yalikuwa ya familia tu. Nilieleza kwamba familia yangu iko njiani. Wakasema nilete viza ya mtoto. Nikaeleza kwamba mtoto hapewi viza mpaka niwe na nyumba. Wakasema nyumba siipati mpaka niwe na mtoto.

"Sasa nianzie wapi?" nilimuuliza mmoja wao.

"Madam, huo ndio utaratibu," alinijibu, na akanipungia mkono kwa adabu.

Mwezi wa kwanza ukaisha hivyo. Nilimsimulia mamangu kwa simu, nikitarajia pole, nikapata lawama.

"Unazunguka peke yako kuomba nyumba?" alisema. "Kwani huna watu? Si yuko Ami hapo."

Hapa lazima nieleze mambo ya kwetu. Kwetu nyumba huposwa kama mwanamwali. Huendi mwenyewe ukasimama mlangoni kwa mtu useme nipe nyumba, hasa ukiwa mwanamke. Unatuma mtu mzima anayejulikana, anakaa, anakunywa kahawa, anataja wewe ni wa nani, na mambo yanakwisha. Mamangu alikodi nyumba mbili maishani mwake na hakuna hata moja aliyojiombea.

Ami si ami yangu wa damu. Ni Mzanzibari mwenye duka la viungo Al Ras, aliyeingia Dubai kabla hakujawa na treni wala hayo maghorofa marefu. Mkewe ni wa Mombasa, binamu wa mamangu wa mbali, na katika miaka yangu yote saba nyumba yao ndiyo iliyokuwa nyumba yangu kila Ijumaa. Nilikula pilau yao, nikaugulia kwenye kochi lao, na nilipokosa kazi kwa miezi miwili Ami ndiye aliyenipeleka kwa watu wake mpaka nikapata nyingine. Mtu wa namna hiyo humwambii hapana. Nilimweleza shida yangu, nami nilieleza vizuri: mtoto, barua, miezi mitatu, jina.

"Khalas," alisema. "Hili niachie mimi."

Alifunga duka siku ya kazi, jambo ambalo mkewe alisema hajaliona tangu harusi ya mtoto wao. Akavaa kanzu mpya, akajipaka udi, akanichukua na gari lake mpaka Silicon Oasis, kwenye jengo moja la familia ambalo dalali alinikatalia kwa simu. Njia nzima alilalamika.

"Huku ndiko utakako kukaa?" aliniuliza. "Hapa si Dubai tena, tushaingia Omani."

Mwakilishi wa mwenye jengo alikuwa mama mmoja wa Kisudani, miwani yake inaning'inia shingoni kwa mnyororo, chai yake imepoa mbele yake. Ami alimsalimia kwa Kiarabu na wakaanza. Waliulizana afya, wakaulizana miji, wakagundua kuna mfanyabiashara wanayemjua wote wawili. Mimi nilikaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba magotini. Ndani ya mkoba mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, barua ya babake, barua ya mshahara wangu, na cheki nne za kodi ya mwaka nilizokwisha kuziandika kwa mkono wangu. Yule mama alinitazama mara moja, akaniuliza kwa Kiingereza kama ni mimi nitakayekaa. Kabla sijafungua mdomo, Ami akajibu.

"Huyu ni binti yangu," alisema.

Kisha akatoa kitabu chake cha cheki. Nilishtuka.

"Ami," nilisema kwa sauti ya chini, "cheki ninazo."

Hakunigeukia. Aliinua tu kiganja, taratibu, kama unavyomtuliza mtoto msikitini. "Tulia, mwanangu. Hayo tutajuana nyumbani."

Nami nikatulia. Nataka nieleweke: zahanatini mimi ndiye ninayesimama mbele ya mtu anayepiga kelele kwamba zamu yake imerukwa, na ninamnyamazisha kwa lugha tatu. Simwogopi daktari, simwogopi mkubwa wa daktari. Lakini mbele ya Ami, kwenye chumba chenye mtu wa nje, nilirudi kuwa msichana anayesubiri kupokea sinia. Niliona kalamu ikitembea. Niliona jina lake likiandikwa mahali palipotakiwa kuwa na jina langu, na nikajiambia tutarekebisha baadaye. Mpaka leo nikikumbuka ukimya ule najikasirikia.

Garini nilijaribu tena.

"Ami, kumbe mkataba umeandikwa kwa jina lako?"

"La nani tena?" alisema. "Mwanamke peke yako, jina lako lizagae maofisini? Likitokea la kutokea, waje kwangu."

"Lakini viza ya mtoto, Ami. Walisema jina langu."

"Nitakwenda nizungumze nao. Mie niko hapa tangu barabara hii ni mchanga. Mtoto atakuja, inshallah."

Nikasema ahsante. Nilirudi Deira nikiwa na ufunguo mkononi na hasira ambayo sikujua nimpe nani.

Mwenzangu wa kitanda cha chini alikuwa Mkenya wa bara, mlinzi katika maghala ya Jebel Ali, mwanamke asiyezunguka maneno. Nilipomsimulia alikaa kitako, akavuta pazia lake pembeni ili anione vizuri.

"Ngoja," alisema. "Si ungeongea tu? Hiyo ni karatasi yako."

"Wewe hujui heshima za kwetu."

"Hata kwetu kuna heshima. Lakini mtoto ni wako, si wa huyo mzee."

Nilimwambia aniache. Alisema kweli, na ndiyo maana nilimwambia aniache.

Nikahamia. Ukidhani ukishapata ufunguo umeshahamia, hujahamia Dubai. Nilifika Jumamosi na godoro, masanduku mawili na sufuria, juu ya pikapu ya kukodi, na mlinzi wa chini akaniomba kibali cha kuhamia. Kibali hutolewa kwa mwenye mkataba, aje mwenyewe na kitambulisho. Ami akaja kutoka Al Ras. Umeme na maji vikataka mwenye mkataba. Ubaridi wa kiyoyozi, ambao kule una kampuni yake na bili yake, nao ukataka mwenye mkataba. Kadi ya kufungulia geti ikataka mwenye mkataba. Kwa siku nne nililala katika nyumba ya joto kama tanuri, huku mwenye mkataba akiuza pilipili manga na kuniahidi kesho. Yule mwenzangu alipokuja kunisaidia kufunga mapazia, alizuiwa mapokezi: mgeni lazima akubaliwe na mwenye mkataba. Alinipigia simu kutoka chini.

"Madam," alisema, "muulize babako kama naweza kupanda."

Ami mwenyewe alifurahia. Alikuja mara mbili kwa wiki na ndizi mbivu, akakaa kwenye kiti changu cha pekee, akafungua mabomba yote na kuyafunga. Alikuwa amebaki na ufunguo wa pili. Alimwagiza mlinzi aangalie ni nani anayeingia kwangu. Yote hayo aliyafanya kwa mapenzi, na ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu mtu anayekutesa kwa mapenzi huna pa kumshtaki.

Hiyo safari aliyoahidi ya kwenda kuzungumza na watu wa viza haikutokea. Nikaenda mwenyewe. Yule karani wa kalamu mbili alisoma mkataba mstari wa kwanza tu, akanirudishia kwa kidole kimoja.

"Huyu ni nani?"

"Ami yangu."

"Ndugu wa baba yako?"

"Si hasa."

"Basi huyu ndiye mwenye nyumba, wewe ni mgeni wake," alisema. "Niliwahi kukwambia, kwa jina lako."

Zilibaki wiki tano. Sikumwendea Ami moja kwa moja. Nilifanya linalofanywa kwetu: nikamtuma mkewe. Nilimweleza yote jikoni kwake siku ya Ijumaa, naye akatikisa kichwa kwa uelewa mkubwa, akasema atamfikishia kwa njia nzuri. Aliifanya nzuri mno. Sijui alimwambia nini, ila Jumanne yake mlinzi alinipigia kwamba kuna mzigo wangu chini. Lilikuwa jiko la gesi, jipya, la sahani nne, limefungwa utepe. Ami alisikia kwamba sijatulia vizuri katika nyumba. Nilituma ombi, nikaletewa jiko, na wiki nyingine ikaenda.

Halafu akapiga simu baba mtoto. Haikuwa siku yake ya kupiga.

"Nasikia unakaa katika nyumba ya mwanamume," alisema.

Mamangu, kwa furaha yake, alikuwa amewaambia majirani kwamba nimekodiwa nyumba Dubai. Habari ilipita kwa huyu na yule, na ilipofika barazani kwa baba mtoto neno "Ami" lilikuwa limedondoka njiani. Lililobaki ni mwanamume, jina lake kwenye mkataba, ufunguo wake mfukoni. Nilimweleza Ami ni nani, tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Kama ni amiyo, basi vizuri," alisema mwishoni. "Lakini mwanangu halelewi kwa mtu nisiyemjua. Barua yangu isipotumika mpaka muda wake uishe, usiniombe nyingine."

Nilikaa sakafuni, nikaegemeza mgongo kwenye jiko la sahani nne. Jina la Ami lililowekwa pale kunilindia heshima ndilo lililonichafulia jina langu kwetu, na ndilo litakaloniletea hukumu ya kumwona mwanangu kwa simu mpaka avunje ungo. Niliogopa, kisha nikakasirika, na hasira ikanisaidia. Nilimpigia simu yule mama wa Kisudani mwenyewe. Nilimuuliza kama jina laweza kubadilishwa. Akasema yawezekana, bora aliyetia saini aje afute mwenyewe.

Nilimwambia Ami kwamba kuna karatasi ya kutia saini. Sikumwambia ni ipi. Hiyo ni hila na najua ni hila, lakini kila nilipojaribu kumwambia dukani alinipa kiti, akaagiza chai, akaniuliza hali ya mamangu, na mimi nikaondoka na pakiti ya iliki. Safari hii nilitaka tuwe mahali ambapo hawezi kuniagizia chai.

Tulikaa viti vile vile. Yule mama alipotuuliza tumekuja kwa lipi, Ami alinigeukia. Nilifungua mkoba, nikaweka mezani cheti cha kuzaliwa, barua ya babake mtoto, barua ya mshahara na cheki nne. Cheki moja ikaanguka, nikaiokota.

"Nataka nyumba hii iwe kwa jina langu," nilisema kwa Kiingereza. Kisha nikarudia kwa Kiswahili, kwa sababu sikutaka Ami aisikie kwa lugha ya kazi. "Ami, naitaka kwa jina langu."

Yule mama alivaa miwani, akasoma cheti cha kuzaliwa pande zote mbili.

"Kwa nini hukunionyesha hiki siku ile?" aliniuliza. "Mama na mtoto ni familia. Ningeandika jina lako siku ile ile."

Wiki tano. Nilihangaishwa huku na kule wiki tano, kwa karatasi iliyokuwa magotini mwangu. Ami alitazama cheti kile, akanitazama mimi.

"Nimekukosea nini?" aliuliza.

"Hukunikosea, Ami."

"Basi kwa nini hukunambia nyumbani, kabla hatujaja?"

"Sikuthubutu."

"Na leo umethubutu, mbele ya watu."

Hapo ningeweza kuomba radhi. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, yale ya kujishusha niliyofundishwa tangu utotoni, na kama ningeyatoa tungerudi nyumbani na pakiti nyingine ya iliki. Lakini zilibaki siku kumi na tisa.

"Nimethubutu kwa sababu mtoto haji kwa jina lako," nilimwambia. "Anakuja kwa langu, au haji."

Alitoa kalamu, akatia saini pale alipoonyeshwa, mara tatu, polepole. Yule mama alimrudishia cheki zake, naye akazikunja mara mbili, akazitia katika mfuko wa kanzu. Alitoa pia ufunguo wa pili, akauweka juu ya meza, karibu na mama wa Kisudani kuliko mimi. Akaaga kwa Kiarabu. Nilipotoka gari lake lilikuwa limeondoka, nami nikatembea kwa miguu mpaka kwangu, vituo viwili vya basi, jua la mchana likinichoma utosi. Nililia njia nzima na sikujificha.

Ijumaa iliyofuata sikualikwa. Nilipiga simu, mkewe akaniambia Ami hajambo, amechoka tu. Ijumaa ya pili vilevile. Mamangu aliponisikia aliniambia nimemvunjia heshima mtu mzima aliyenilea ugenini, na kwamba yeye hakunifundisha hivyo. Nilimuuliza kama anataka mjukuu wake asafiri au asisafiri. Akaniuliza kama nguo za baridi zitahitajika, kwani amesikia ndani ya nyumba za huko ni baridi.

Yule karani alipokea mkataba wangu bila neno, akaupiga muhuri. Viza ilitoka ikiwa imebaki wiki moja.

Mwanangu alifika na begi lililomzidi kimo, akiongozwa na mhudumu wa ndege. Alinipa mkono. Hakunikumbatia, alinipa mkono na kunibusu kiganja kama anavyowafanyia wageni wa nyanyake. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, hilo sikujiandaa nalo. Aliyekuwa akimwita Mama ni nyanyake. Mimi tangu aanze kusema aliniita Mama wa Dubai, jina zima, kama jina la duka. Wiki ya kwanza aliniomba ruhusa ya kufungua friji. Aliniomba ruhusa ya kwenda chooni. Alilala kwenye ncha ya kitanda chake kipya kana kwamba kuna mtu mwingine anayekuja kulala upande wa pili. Nilikuwa nimepigania mlango kwa jina langu, sasa nikawa naishi na mgeni mdogo mwenye adabu, na sikujua hilo linashughulikiwa katika ofisi gani.

Ijumaa ya tatu tangu afike nilimvalisha gauni la Idi, nikamchukua mpaka kwa Ami bila kualikwa. Mkewe alitufungulia, akamkumbatia mtoto mpaka miguu ikaacha ardhi. Ami alikuwa katikati ya kochi, tasbihi mkononi. Nilimwamkia. Aliitikia huku akitazama televisheni, ambayo ilikuwa imezimwa. Nilibaki nimesimama karibu na mlango, kwani hakuna aliyeniambia nikae, na nilianza kujuta na kukasirika kwa pamoja.

Mtoto alienda mbele yake bila kutumwa, akambusu mkono.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Ami, na sauti yake ikalegea. Akamuuliza safari, akamuuliza darasa, akamuuliza sura gani ameihifadhi. Kisha akamuuliza swali ambalo kila mtu mzima wa kwetu humuuliza mtoto asiyemjua vizuri. "Na unakaa kwa nani?"

Mtoto alifikiri. Nilimwona anafikiri.

"Kwa mama," alisema.

"Kwa mama wa Mombasa?"

"Hapana," alisema. Alirudi mlangoni, akalishika buibui langu kwa mkono wake wote. "Huyu."

Ami alinitazama. Kisha akasogea mpaka mwisho wa kochi, akatupisha tukae.